Suruali ya Mwalimu

Watoto, na baba yenu pia,

Mama yenu ametoka. Maharage yako jikoni, bado chumvi tu. Nguo zianueni kabla mvua haijanyesha.

Asubuhi, mlipomwambia apunguze sauti ili msikie redio, aliukatiza wimbo wake, akaenda zake kazini. Huko cherehani yake ikaanza kuitikia nyundo ya fundi viatu wa mlango wa pili, ko-ko, ko-ko, akajikuta anaimba, mawazo yameelea mbali. Kuja kushtuka, amepinda suruali ya mwalimu hadi mdomo wa kila mguu umefungika kwa uzi! Mwalimu naye keshafika kuichukua; akaijaribu, mguu ukagoma kutokea. Badala ya kufoka akauliza, “Dada, ulikuwa unaimba nini?” Kumbe ana gitaa nyumbani, miaka ishirini halijapata mwenzake.

Basi sasa ni bendi ya watu watatu, fundi viatu akiwa na nyundo yake. Wanakutana leo stoo ya shuleni.

~~Atarudi saa kumi.~~ Atarudi wimbo ukikubali.

Mkimsikia anakuja anaimba, zimeni redio.

Mama yenu,
yuleyule wa kupunguza sauti