Mchele wa Harusi Wanukia Langilangi

Mahabibo, Alhamisi

Panya wamehama, hilo hakuna wa kunibishia. Miaka yangu kisiwani Nosy Be kwenye mitambo ya mafuta ya maua ya langilangi sikukaa bure: panya hawaiwezi harufu ile. Kwa hiyo nilichovya matambara katika mafuta yake, nikayafunga kwenye magunia ya mchele wa harusi ya binti yetu.

Leo mke wangu kapika sufuria moja ya kuonja. "Baba Zaina, wageni wale pilau hii, au wajipake?"

Nilicheka peke yangu. Wakwe wanakuja kesho, na mchele mwingine hatuna. Naogopa, mwanangu ataaibika.

Pilau ile nimeimwaga uani. Panya mmoja akaja, akainusa.

"Kula, bwana," nikamsihi.

Akaenda zake.