Moto Niliouzimisha Sikonge

Zuhura mdogo wangu,

Salamu tele kutoka Sikonge, nilikofikia kwa Hadija wangu. Uhuru umetupa mwalimu wa kike ukooni, nami huku naitwa Mama Mwalimu, hata kisimani wananipisha! Lakini leo naona haya kutoka nje.

Tangu nifike, jua likizama anga lote huwa jekundu kama kaa la moto. Nikajua tu ni moshi wa jirani, Bibi Kalunde, anayekausha tumbaku bandani. Jana nikamwambia mbele ya watu, "Bibi, moshi wako unatuchafulia mbingu!"

Akacheka. "Mama Mwalimu, kamoshi haka? Hata nyuki hakafukuzi."

Nikashikilia, si mimi ndiye mama wa msomi? Maskini, kwa heshima ya mwalimu akaumwagia moto wake maji.

Jioni mbingu ikawa nyekundu kuliko juzi. Hadija akashika kichwa: "Mama, si ungeniuliza! Kuna mlima umelipuka visiwani Indonesia. Vumbi na gesi yake vimepanda juu kuliko mawingu, mvua haivifikii, na upepo unavizungusha duniani kote. Ndivyo vinavyofanya anga kuwa jekundu, hata jua vinalipunguzia ukali."

Asubuhi majani ya tumbaku ya bibi, yaliyokosa moto usiku kucha, yalikuwa yameingia madoa meusi. Nilipokwenda kumwomba radhi, akanikaribisha uji wa asali, wala hakunilaumu.

Nawe huko Ujiji, jua likizama jekundu ziwani, usije ukawagombeza wakausha samaki kwa moshi. Mola akutunze, mdogo wangu kipenzi.

Dada yako,
Mama Hadija