Pigo la Pili

Tarehe 3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, koo halikusumbui, na bado unakunywa maji ya uvuguvugu kabla ya kuingia studio. Mimi sijambo. Miguu inauma kwa sababu ya cherehani, macho bado yanaona uzi kwenye tundu la sindano, na jana nimempiga mtu na rula.

Usishtuke. Ningekupigia simu, lakini simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la maji ya kunyunyizia nguo, na tangu siku ile inawaka taa tu, haizungumzi. Barua hii nampa dereva wa basi.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa chumba cha kushonea, nimetandaza mkeka, na juu yake gauni la harusi la yule mwalimu wa hesabu. Wiki tatu nalishona. Nilikuwa kwenye cherehani namalizia mkono wake wa kushoto, ambao sijauunga bado, redio imefunguliwa mpaka mwisho, nasikiliza kipindi chako. Ukawa unasimulia ile kesi ya mtu anayeingia majumbani mchana. Ukashusha sauti, wewe mwenyewe, ukasema: "Hakupiga kelele. Alisimama tu mlangoni, nyuma yake, mkononi ana chuma."

Nikageuka. Mwanangu, alikuwepo! Amesimama mlango wa uani, jitu zima, mkononi ana spana kubwa kama mguu wa kiti.

Mimi sikungoja umalize. Nikashika rula ya mita nikampa moja ya kipaji cha uso. Akapiga yowe, akakimbia. Kumbe ni fundi bomba, ametumwa na mwenye nyumba kuja kutengeneza bomba la jikoni. Sasa mimi nitajuaje? Anasema alipiga hodi mara tatu. Hakupiga. Mtu mwenye adabu hodi yake husikika.

Fundi yuko salama, ana nundu tu. Lakini amekwenda polisi, na kesho nimeitwa kituoni. Naenda na kitenge changu kizuri, maana sina cha kuficha.

Mama yako

*

Tarehe 9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, koo zima, ila moyo hauko mahali pake tangu dereva aliponikabidhi barua. Unaendeleaje? Umelala? Umekula?

Pole sana, mama. Na samahani kwa ile sauti niliyoishusha. Mhariri wangu ndiye anayetaka tushushe sauti, anasema wasikilizaji wanaipenda. Sikujua kama ingemwangukia fundi bomba wa watu.

Sasa nisikilize, maana kesi hizi ndizo kazi yangu. Mtu akiingia kwako na spana mkononi, nawe ukaogopa, ukampiga, sheria inakuelewa. Pigo la kwanza silo linalonitia wasiwasi. Ninachouliza ni hiki: ulimpiga mara ngapi? Umeandika "moja ya kipaji cha uso." Unavyoandika "moja" najua ipo nyingine, maana hata nilipokuwa mdogo ulikuwa hunipi moja.

Na ukienda kutoa maelezo, jibu ulichoulizwa tu. Usieleze sana. Tafadhali, mama, usianze kutaja vipimo.

Mwanao

*

Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Salamu. Barua yako imenikuta mzima, ila imechelewa. Maelezo nimeshatoa, kurasa tano, na vipimo nimetaja.

Askari aliniuliza, "Mama, unaweza kumtambua huyo mtu?" Swali gani hilo la kumwuliza mshonaji wa miaka thelathini? Nikamwambia andika: mabega inchi kumi na tisa na nusu, la kulia limeshuka kidogo kwa kubeba mabomba. Kutoka shingoni hadi kiunoni, inchi kumi na nane. Nyuma ya shati mshono umefumuka, na aliyelishona alikuwa na haraka. Askari akaandika yote, ulimi nje. Nikajisikia vizuri sana.

Halafu akaweka kalamu mezani. Akasema, "Mama, hivi vyote ni vipimo vya mgongo."

Nikajitia kufunga kitenge upya.

Haya, nakwambia wewe, kwa sababu ni wewe. Zilikuwa mbili. Ya kwanza niliogopa, naapa, mpaka pini zilinidondoka mdomoni. Lakini alipokimbia hakurudi alikotokea. Akazunguka meza kutafuta mlango wa mbele, na akapita juu ya mkeka. Juu ya gauni! Na mabuti yake yenye tope la mtaro! Wiki tatu, mwanangu, na ushanga wa kifuani niliubandika mmoja mmoja. Pale sikuogopa tena. Nikampa ya pili ya mgongoni, rula ikavunjika kwenye sentimita sitini na mbili.

Sasa fundi bomba anatembea mtaani akisema hata mtangazaji, mtoto wa mama mwenyewe, alishatamka redioni: "Mtu akishageuza mgongo, hofu imekwisha, kinachobaki ni hasira." Mtaa mzima unajua wewe ni mwanangu, kila mteja nimemwambia. Kwa hiyo nakuomba jambo moja dogo. Wiki ijayo sema redioni kwamba kuna migongo na migongo.

Kesi itasikilizwa tarehe 26 Aprili.

Mama yako

*

Tarehe 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini pini zote umeshaziokota.

Siwezi kusema kuna migongo na migongo. Unakumbuka nilisema yale maneno kwenye kesi gani? Ya yule mwanamke aliyemkimbiza shemeji yake mpaka barabarani na sufuria. Na wewe uliniandikia barua. Ninayo hapa. Umeandika: "Umesema kweli tupu, mwanangu, huyo mwanamke afungwe, na sufuria yake ifungwe." Leo nikibadilisha sheria kwa sababu sufuria imekuwa rula na shemeji amekuwa fundi bomba, nitamtazamaje msikilizaji?

Ushauri wangu: mahakamani kubali pigo la pili, omba radhi, yaishe.

Lipo jingine. Gazeti limeandika mistari minne juu ya "fundi cherehani na rula yake." Mhariri ameikata na kunibandikia mezani. Anataka tuijadili Jumatano, wasikilizaji wapige kura. Sitakutaja jina wala mtaa. Nitakuwa wa haki.

Mwanao akupendaye

*

Tarehe 2 Aprili

Kwa Mtangazaji wa Kipindi,

Salamu za heshima. Sijakuuliza afya maana nimekusikia redioni, u mzima kabisa.

Nilikuwa nimewaita wateja wanne, na mwalimu wa hesabu, tusikilize pamoja. Nilipika chai. Ukasema "mtuhumiwa wa kike mwenye umri wa miaka hamsini na minane." Mwalimu akaniangalia. Nina hamsini na sita. Kumzaa mtu ni mimi, kusahau mwaka ni yeye.

Mara kumi na moja ulisema "mtuhumiwa wa kike." Nilihesabu, nikaweka pini moja moja kwenye mto wa pini. Kura zikapigwa. Watu mia moja na arobaini wakasema nina hatia, sitini na wanane wakasema sina, na watatu wakauliza anayeshona gauni hilo ni nani, wanamhitaji. Hao watatu nawashukuru.

Ulikuwa wa haki sana. Hata fundi bomba amesema.

Mimi ni,
Mtuhumiwa wa Kike

*

Tarehe 8 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo mara mia. Sijui hali yako, na sina uso wa kuuliza.

Hamsini na sita. Nimeandika ukutani juu ya kitanda changu.

Mama, nimekukosea, na nataka kueleza nilipokosea, maana si kule unakodhani. Kuijadili kesi si kosa. Pigo la pili ulikosea, na hilo nitalisema leo na kesho. Kosa langu ni kwamba mhariri aliponiuliza, "Huyu mama unamjua?", nilisema simjui. Niliogopa watanicheka. Kisha nikajifariji kwamba ndiyo haki, mwamuzi hapaswi kuwa na ndugu. Uongo mtupu. Mwamuzi mwenye haki angesema, "Huyu ni mama yangu, sifai kuamua," akatoka kwenye kiti. Mimi nilikikalia kiti na mama nikamtoa.

Nijibu hata kwa matusi.

Mwanao

*

Tarehe 19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Dereva wa basi anasema amekukabidhi barua mkononi, ukaiweka chini ya pasi.

Tarehe 26 sitaweza kuja, zamu yangu haina wa kunishikia. Lakini Jumatano kabla ya kesi, saa nne, fungua redio. Ukitaka, usiwaite wateja.

Mwanao

*

Tarehe 29 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Koo je? Mimi ni mzima, nakula, na nalala kama gunia.

Samahani kwa kimya. Barua yako ya tarehe 8 niliisoma, nikaipigia pasi, nikaisoma tena.

Jumatano nilisema sifungui redio. Saa nne kasoro dakika moja nikaifungua. Nikazima cherehani ili nisikose neno. Ukasema: "Yule mwanamke wa rula ni mama yangu. Nilisema simjui, nikasema uongo, kwa hiyo kura zile nimezifuta. Pigo la pili alikosea. Lakini tangu nizaliwe sijamsikia mama yangu akisema uongo, hata wa sentimita moja."

Nilikaa chini kwenye mkeka, nikalia mpaka nikaogopa kulowesha gauni. Mwanangu, hujui ulichonifanyia. Ulinirudisha kuwa mama yako mbele ya watu wote, na papo hapo ukanifunga mdomo nisiweze kudanganya mahakamani. Maana nilikuwa nimejiandaa kudanganya, kidogo tu, niseme la pili nalo lilikuwa la hofu; nguo isiyo na posho, ile nafasi ya ziada ya mshono, haivaliki.

Haya, sikiliza ilivyokuwa.

Fundi bomba akasimama akaeleza. Alipiga hodi mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu akapaza sauti: "Hodi, mama! Nimekuja bomba la jikoni!" Ndipo akaingia.

Yale maneno niliyajua.

Nikanyoosha mkono. Hakimu akasema zamu yangu bado. Nikasema, "Mheshimiwa, nikingoja zamu nitaghairi." Akaniruhusu. Nikasema mbele ya watu wote: hodi ya tatu niliisikia. Niliisikia vizuri kabisa. Ila kwa jinsi nyie kule studio mnavyogonga meza na kuita hodi za uongo, nilidhani inatoka redioni. Nilikuwa nashona huku nikijiuliza, huyu muuaji wao anatafuta nini kwenye bomba la jikoni?

Watu walicheka mpaka karani akatoka nje. Hakimu alijifunika uso na faili. Lakini mimi sikucheka, maana karibu miezi miwili nilikuwa nimemwita yule mtu hana adabu, na alikuwa nayo.

Hukumu: pigo la kwanza si kosa, kwa sababu hofu yangu ilikuwa ya kweli, na yeyote angeogopa spana ile. Pigo la pili ni kosa. Nikasema, "Nakubali, lile lilikuwa la gauni." Nimepewa onyo, na nimshonee fundi ovaroli mbili. Fundi mwenyewe alikubali. Hakimu akaagiza apimwe pale pale. Karani akasema hakuna haja, akafungua maelezo ya polisi, akasoma: mabega kumi na tisa na nusu, mgongo kumi na nane. Wakampima kuhakikisha. Sikukosea hata nywele.

Lakini ovaroli haina mgongo peke yake. Ikabidi nimpime mbele.

Nilipotoa futi, ule utepe wa kupimia, mfukoni, fundi akarudi hatua moja. Akamwuliza hakimu kama rula ipo. Rula ilikuwa kwa karani, vipande viwili, kielelezo namba moja. Ndipo akasogea. Nikazungusha futi kifuani, nikainua macho kusoma inchi, na hapo ndipo nilipomwona uso kwa mara ya kwanza. Ni mdogo, mwanangu. Labda umri wako. Kwenye kipaji ana alama ndogo, na mashavu yalikuwa yanatetemeka. Aliniogopa mimi, hata baada ya nundu kupona! Nikaona aibu ya kutaka ardhi inifunike. Mgongo wake niliujua mpaka mshono, uso sikuwahi kuutazama.

Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Ya kwanza na ya pili." Akasema, "Ya kwanza hata mimi ningepiga, mama." Kisha akauliza kama ovaroli zinaweza kuwa na mfuko wa spana ndani, isionekane na watu. Nimemwekea miwili.

Gauni limetoka doa. Mwalimu ameolewa, kapendeza. Bomba la jikoni halivuji.

Mwambie yule anayegonga meza studio aache. Na wewe ukipata likizo, njoo. Redio nitaizima siku nzima, ili ukipiga hodi niisikie ya kwanza.

Mama yako,
hamsini na sita