Kokoto za Jumba la Wajapani

Jumatatu, 12 Januari
Nimeosha gari. Nimempeleka Mama kliniki, nimemrudisha. Mama ni mama yake bosi. Miguu yake imekataa kazi, na mimi ndiye ninayembeba kutoka kwenye kiti cha magurudumu hadi garini. Dereva kwa jina, mpagazi kwa kazi. Leo amelalamika kwamba naendesha kama mtu aliyebeba mayai. Nikamwambia mayai yenyewe ni yeye. Alicheka mpaka akakohoa.

Riyadh baridi. Nimevaa sweta mbili.

Jumanne, 13 Januari
Baba amefariki. Mdogo wangu Wanyonyi alinipigia nikiwa nje ya duka la dawa. Baba alikula, akalala, hakuamka. Basi.

Bosi yuko Jeddah kikazi. Yeye ndiye kafili, mdhamini wangu hapa, ruhusa yangu ya kutoka nchini inatolewa kwenye simu yake. Nimemwandikia. Amejibu: pole, tutaongea.

Jumatano, 14 Januari
Mazishi ni Jumamosi, saa nane mchana. Kwetu kifungua mimba ndiye humwaga udongo wa kwanza kaburini. Kifungua mimba ni mimi. Wanyonyi ameuliza mara tatu kama nakuja. Nimesema nakuja. Sijui nimeitoa wapi ahadi hiyo.

Alhamisi, 15 Januari
Bosi amepiga. Mama hana mtu mwingine wa kumbeba. Niende wiki ijayo, inshallah, yeye akirudi Riyadh. Nikasema baba yangu hawezi kungoja wiki ijayo. "Halas," akasema, yaani yamekwisha, akakata.

Nina hasira. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuhusu Mama amesema kweli. Na Mama hajui lolote. Madam, mke wa bosi, amenikataza kumwambia, eti moyo wake dhaifu. Mwenye nguvu mpishe.

Ijumaa, 16 Januari
Siku ya mapumziko. Nimetoka Al-Malqa, nyumbani kwa bosi, hadi Al-Shumaisi, chumbani kwa Barasa, mlinzi, mtu wa kwetu Bungoma. Tumeomba watu saba, kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

"Bro, waambie wazike tu," Barasa akaniambia. "Ukiwangojesha unamtesa mzee bure."

Nimempigia Wanyonyi. Nimemwambia siji, amwage yeye. Akakata simu. Heri angenitukana.

Jumamosi, 17 Januari
Kati ya siku zote, madam amechagua leo kutembea. Katika bustani kubwa ya jiji kuna jumba la utamaduni wa Kijapani. Nyumba ya mbao, milango ya karatasi, viatu vinaachwa mlangoni. Madam akaingia kunywa chai. Mimi na Mama tukabaki nje kwa sababu ya magurudumu. Mbele yetu palikuwa na uwanja wa kokoto ndogo nyeupe, zimechorwa mistari kwa reki. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Ikafika saa nane. Bungoma pia ni saa nane, saa zetu ni moja. Sikupanga. Nilipiga goti ukingoni, nikachota kokoto mkono tele, nikazimwaga. Nikasema, "Nenda salama, Baba."

Mistari ikavurugika. Mlinzi wa bustani akaja mbio, "Mafi! Mafi!" yaani hapana, hapana. Madam akatoka pekupeku, akaniita mshenzi mbele za watu.

Mama alikuwa akiutazama mkono wangu. Kwao pia udongo humwagwa kaburini kwa mkono, mara tatu.

"Nani amekufa?"

"Baba yangu, Mama. Wanamzika sasa hivi."

Akamgeukia madam. "Mlijua?" Madam akarudi mlangoni kutafuta viatu vyake.

Mama akaninyooshea kiganja. Nikakijaza kokoto. Akazimwaga, nikakijaza tena, na tena, mpaka zikatimia mara tatu, midomo yake ikisoma dua. Mjapani mzee mwenye reki alisimama pembeni na hakugusa kitu mpaka tulipoondoka.

Nimelia. Garini, mbele yao wote.

Jumapili, 18 Januari
Mama amegoma kula mpaka azungumze na mwanawe. Sikusikia maneno, nilisikia ukali tu. Alasiri ruhusa imetoka. Siku ishirini. Kuhusu nani atambeba, Mama amesema ana wajukuu wanne wenye migongo mizima.

Jumatano, 21 Januari
Jeddah, aliko bosi na pasipoti yangu. Nimelala Al-Safa, kwenye chumba cha dereva wa dada yake bosi. Ndege ni saa sita mchana. Bosi ameniletea pasipoti mwenyewe. Hakunitazama usoni. Akasema Mungu amrehemu mzee, nikasema amina.

Wanyonyi amepiga, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Hakuwa amemwambia mtu kwamba siji. Alishindwa. Saa nane ilipofika watu wote walisimama kaburini wakitazama lango, wakiningoja. Mchungaji alipochoka, ilikuwa saa nane na nusu. Ndipo Wanyonyi akamwaga. Ameniomba msamaha kwa kunitangulia.

Hakunitangulia. Mimi nilimwaga saa nane kamili. Nitamwambia tukiwa tumesimama pale kaburini, sisi wawili.