Majike Manne, Hodi Tatu

Jumapili, Februari 1998
Columbia Heights

Theluji imekoma tangu asubuhi, jua limetoka, na baridi imezidi. Ndivyo huku kulivyo: jua likiwaka sana, ujue nje hapakaliki. Nimeshinda ndani na soksi mbili mbili, na nina haya.

Naandika kwa mtandao wa simu, kwa hivyo laini imeshikwa na hakuna awezaye kunipigia. Nimefanya makusudi.

Acha nikiri, maana ukurasa huu hauna jina langu na sidhani kama kuna anayeusoma. Ndani ya kabati la chumba changu cha kulala, chini ya taa kubwa, nilikuwa nimepanda bangi. Mwenyewe sivuti. Nikivuta nakohoa tu, kisha namuwaza mamangu. Mbegu za kwanza alinipa Chande, Mtanzania niliyekaa naye kabla hajahamia Chicago. Alisema, "Jaribu, si wewe mtu wa kilimo?" Kweli nilikuja kusomea kilimo, nikaishia kupanga maboksi ghalani. Ile miche ndiyo iliyokuwa shahada yangu.

Nilichokipenda ni kuchagua. Mbegu za safari hii zilitoka kwa mimea yangu mwenyewe, kizazi cha tatu. Nilitaka mmea mfupi, unaokomaa mapema, usio na harufu kali. Iliyodumaa niliing'oa kwanza. Halafu nikangoja mingine ionyeshe jinsia yake, nikatoa madume. Dume moja lenye umbo zuri nililibakiza kwa ajili ya mbegu, nikalitenga bafuni lisiyafikie majike. Mwezi mzima nimepiga mswaki nalo, na zipo siku ambazo ndilo peke yake nililolisalimu.

Majike yakabaki manne. Kila nikirudi kazini nayainamia, nayanusa, nayapima kwa macho. Hili refu mno, lile shina lake bovu. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini wahenga hawakuwahi kuniona mimi nikichagua.

Tatizo lilikuwa harufu. Nilichagua nikachagua, na harufu haikutaka kutoka katika ukoo ule.

Kwa sababu ya harufu nikaanza kuwazuia watu. Ahmed wa Frogtown, tuliyezoea kutazama mpira pamoja, nilimwambia bomba limepasuka. Wanafunzi wawili wa Lamu nikawaambia nina mafua mabaya. Idi nilisali chumbani peke yangu, nikala mkate kwa chai, nikaiacha simu ilie mpaka ikachoka. Watu si wajinga. Ukiwakwepa sana wanakuachia mambo yako.

Niliwang'oa mmoja mmoja, wala sikuona kwamba nang'oa.

Akabaki Khala Zuhura wa Apple Valley. Si khala wa damu. Alikua mtaa mmoja na mamangu Mombasa, na nilipopata viza mama alimpigia simu akamwambia, "Nakupa huyu." Tangu siku hiyo kila Alhamisi hunipigia, nitake nisitake, na mara nyingi huwa nataka.

Sasa sikiliza upuuzi wangu. Jumatatu nilitaka kumwachia Chande ujumbe. Namba yake na ya Khala zimefuatana kwenye vitufe vya simu yangu, nikabonyeza kisicho chake. Mashine ikaitika, nikaropoka bila kusikiliza ni sauti ya nani: "Madume nimeshayamaliza, limebaki moja tu. Majike manne. Wikendi nachagua moja, mengine nayachinja."

Alhamisi simu ikalia.

"Shikamoo, Khala."

"Marahaba. Kumbe wafuga kuku na huneni?"

Nikavitazama vile vitufe viwili vilivyofuatana.

"Nimeipata message yako kwa machine. Wallahi nimefurahi. Kuku wa huku ni kama watafuna sponji. Lakini hayo majike usiyachinje wewe, huwezi. Nita-drive Sunday baada ya adhuhuri, nije na mume wangu atuchinjie. Nami nikupikie kuku wa kupaka, ule mpaka usahau baridi."

Kicheko kilinijia, kikafuatwa na hofu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, Khala, si kuku. Lakini ilikuwa muda mrefu sijaambiwa na mtu "nikupikie". Nikasema, "Haya, Khala. Karibuni."

Nilikuwa na siku mbili nzima za kusafisha nyumba. Ijumaa nikang'oa majike mawili. Jumamosi nikang'oa la tatu. La nne nilishika shina lake nikaliachia, nikalishika tena nikaliachia. Lilikuwa fupi, lilikuwa limewahi kuliko yote, ndilo nililolitafuta miaka miwili. Nikajidanganya kwamba hilo na lile dume la bafuni hayafichuki, nikachoma udi nyumba nzima. Harufu mbili zikakaa pamoja kama mtu na mke mwenzie, kila mmoja akimpigia mwenziwe kelele.

Leo saa nane mchana nikasikia miguu kwenye ngazi. Mguu mmoja mzito, kwa sababu Khala goti lake la kushoto ni bovu.

"Hodi."

Kwetu hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usikaribishwe, unarudi ulikotoka, na huna ruhusa ya kununa. Khala ni mtu wa adabu. Hakugonga mlango, hakukitikisa kitasa. Alipiga hodi tu, kama yuko kwao.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili, ningenyoosha mkono ningeugusa mlango. Akapiga ya pili. Mdomo wangu ulisema karibu, sauti haikutoka.

Ya tatu alikawia kuipiga. Alikawia sana, nikaelewa kwamba ananipa muda. Alijua nimo ndani. Na mwenye pua hawezi kunusa mlango ule akadhani ni kuku.

"Hodi, mwanangu."

Kisha nikasikia mfuko ukiwekwa chini, na mguu ule mzito ukiteremka ngazi moja moja.

Nilichungulia dirishani. Mumewe alikuwa garini, injini inanguruma. Alimuuliza kitu, Khala akatikisa kichwa, akaingia, wakaondoka. Hakutazama juu.

Nilipofungua mlango nikakuta tui la nazi ndani ya mkebe wa aiskrimu, ndimu tatu, na tangawizi na kitunguu saumu alivyokwisha kuvisaga nyumbani. Alikuja na kila kitu isipokuwa kuku.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha hilo pia.

Halafu nikaenda kabatini nikaling'oa jike la nne, nikaenda bafuni nikaling'oa na lile dume. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilidhani nitaumia zaidi. Nimeizima taa, nimeyafungua madirisha yote, na nyumba imekuwa baridi kama friji. Tui nimeliweka mezani na sijaligusa.

Kesho, kabla sijaenda kazini, nitampigia simu Khala. Nimekaa hapa tangu alasiri nikitafuta maneno. Ya kweli nayajua, ni mafupi, na yatamfikia mamangu kabla ya Ijumaa. Ya uongo ni mepesi kuliko hayo: kuku walikufa kwa baridi, Khala, nami niliona haya kukufungulia.

Hataniuliza kitu. Atanipa pole, na ataniambia atanitafutia wengine.

Hiyo pole ndiyo siiwezi.