Makato Sitini na Manne ya Shangazi Mwatima

Fleti Na. 9,
Thornton Heath,
Landani.
Jumapili, 27 Mei 2007

Mpendwa Ami Abdulwakil,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kukuomba, kabla hujafika huku kutibiwa macho, uwe umekwisha kulifikiria jambo la Shangazi Mwatima na benki yake. Kwani amekataa kutia saini karatasi yoyote mpaka alisikie neno lako wewe, kaka yake.

Shikamoo, Ami. Nimetanguliza haja kabla ya hali, na hayo siyo malezi uliyonipa. Ni mshituko ulionisukuma. Vipi macho? Yale matone yamesaidia? Nasikia joto la Maskati limekwisha kuanza. Sisi wazima, alhamdulillahi. Shangazi ni magoti tu, nayo hayajamzuia kwenda zamu yake katika nyumba ya wazee.

Mwezi wa Februari nilifungua bati la biskuti nikitafuta sindano, nikakuta barua za benki zimejaa hadi juu, hata moja haijafunguliwa. Nilipomuuliza, alijibu huku akichambua mchele: "Mwanangu, barua ya benki haijapata kuleta habari njema. Mwenye habari mbaya atarudi mwenyewe."

Nilizifungua mimi. Kila malipo yake yalipokosa fedha ya kutosha, benki ilimkata pauni thelathini na tano. Mara sitini na nne! Mwezi mmoja malipo ya umeme yalipungukiwa pauni moja na peni ishirini. Wakamkata thelathini na tano. Kwa makato hayo malipo ya maji nayo yakakwama, wakamkata tena. Jumla ni pauni elfu mbili mia mbili na arobaini. Ndiyo fedha ya Hija ile, anayoitilia nia tangu mimi niko chuoni nasoma Kurani.

Niliwaandikia. Wakajibu kwamba watarudisha nusu, kwa hisani. Shangazi akataka tuwapelekee shukrani pamoja na kashata. Mimi nikafungua shauri katika mahakama ya madai madogo, kama wafanyavyo wengi mwaka huu. Na wiki mbili zilizopita, hata kabla shauri halijasikilizwa, benki ikakubali kurudisha yote.

Barua hiyo nilimsomea kwa sauti, nikiwa nimesimama. Nikafika penye riba ya asilimia nane, ambayo sheria humruhusu mdai kuidai, nami niliidai.

"Umesema nini hapo?"

"Riba, Shangazi. Pauni mia tatu na tisini juu yake. Ni haki yako."

"Haki yangu! Suad, umenidaia riba kwa jina langu? Niende nikatufu Kaaba na riba kiunoni?"

Akaisukuma barua kwa ncha ya mwiko. Nilijiona mjinga kuliko siku yoyote ya masomo yangu.

Nikaipigia simu benki kuomba waiondoe riba. Aliyepokea, Bwana Jitendra, mzaliwa wa Kisumu, alipolisikia jina langu alihamia Kiswahili.

"Dada, kila anayepiga hapa anataka aongezewe. Wewe unataka upunguziwe? Uko sawa kweli?"

"Niko sawa, bwana. Shangazi yangu ndiye hayuko sawa mpaka itoke."

Alicheka sana, lakini alitimiza. Karatasi mpya ya makubaliano imeletwa bila riba, na lazima irudi kwao na saini si zaidi ya Jumatatu, tarehe 18 Juni. Shangazi haigusi. Asema iliyozaliwa na riba haioshwi kwa simu.

Lipo la pili, Ami, na hili sijamwambia mtu. Miezi mitatu nilitazama safu ya makato tu. Juzi nikautazama mstari unaotangulia kila kato. Makato ya kwanza ni ya Oktoba 2003, ya mwisho ni ya Juni 2006. Wewe uliyehudhuria mahafali yangu huhitaji kuelezwa miezi hiyo. Kila tarehe ishirini na saba imetoka karo yangu, siku moja kabla ya umeme, siku tatu kabla ya mshahara wake. Aliniambia analipa kwa akiba. Akiba hakuwa nayo.

Sikuombi umlazimishe. Ukisema fedha hii haimfai, nitanyamaza, na Hija nitamlipia mimi, ijapokuwa kazi bado naitafuta. Ukiona ni mali yake iliyomrudia, mwambie hivyo kwa maneno yako, kwa kuwa yangu ameyachoka. La karo tafadhali niachie. Nataka nimwambie mwenyewe.

Nisalimie Bi Zuwena, na Soud umwambie kitabu chake nimekipata. Mwenyezi Mungu ayatie macho yako nuru na safari yako wepesi.

Siku utakayofika Shangazi atakuwa zamuni hadi saa nane mchana, hivyo tutakuwa na safari nzima ya treni ya kuzungumza kabla hajakupakulia chakula. Nitakusubiri Heathrow, mlango wa wanaowasili, Jumamosi tarehe 16 Juni, saa moja kasorobo asubuhi, na karatasi ninayo mkononi.

Mwanao akupendaye na akutegemeaye,
Suad Matar