Vidole Vilivyopiga Kodiani

Chumbageni, Tanga
3 Februari 2024

Binamu Yakoub,

Assalaam aleikum. U hali gani, na watoto hapo Wete hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti langu tu linalia nikipanda ngazi, na tumbo linanitangulia kila niendako, lakini tumeshazoeana.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa barazani nachezea simu. Nimetoka kuangalia video ya kuku aliyepakiwa nyuma ya baiskeli, katulia kama bibi harusi, nacheka peke yangu kama mwehu, mara simu ikaniletea harusi ya zamani. Pazia la maua, taa za rangi, halafu mikono inapiga kodiani. Mikono tu, kichwa hakimo, maana mpiga picha wetu yule alipenda keki kuliko watu. Chini umeandika: "Mimi Yakoub nikipiga kodiani, Chumbageni, 1995."

Yakoub! Mikono ile ni yangu; wewe usiku ule ulikuwa unatikisa cherewa, kopo lenye punje ndani!

Ningecheka, wallahi. Lakini Maryam kaiona. Unajua wanawake walikuwa ng'ambo ya pazia, hawakuona mpigaji. Alisikia kodiani, akamuuliza kaka yake Mundhir ni nani yule, akaambiwa ni mimi. Posa ilipokwenda alikubali kwa ajili ya muziki ule, maana sura hii hata mama yangu aliisifia kwa shida. Kodiani ikapasuka kabla hatujaoana, kwa hiyo sina ushahidi mwingine. Jana kaniwekea chai mbele yangu, kasema, "Kumbe mwenye vidole yuko Pemba." Mpaka sasa ananijibu kwa mkato.

Rekebisha maandishi hayo, ndugu yangu. Neno moja tu.

Binamu yako,
Mbarouk

*

Wete, Pemba
6 Februari 2024

Binamu Mbarouk,

Waaleikumu salaam. Sote hatujambo. Goti lipake mafuta ya karafuu, tumbo siliwezi.

Umenichekesha. Mzee mzima unagombea mikono! Watu wamependa, wananiita fundi, kuna dada wa Muscat kaandika kwamba kalia. Nimwambieje, kwamba alimlilia Mbarouk? Mikono haina jina. Na wewe ulikuwemo, labda hiyo cherewa ulitikisa wewe, miaka mingi imepita.

Mwambie shemeji Maryam pole. Posa yangu mimi aliirudisha. Angelijua mwenye vidole ni mimi!

Binamu yako,
Yakoub

*

Chumbageni
25 Februari 2024

Binamu yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai u buheri wa afya, hasa vidole. Mafuta ya karafuu yamenisaidia, Mungu akuzidishie.

Nimetafakari, nimeona una haki. Kugombana uzeeni ni aibu. Tena nina habari njema. Mundhir anamwoza binti yake Khairiya baada ya Idi. Nikamwonyesha video yako. Shemeji yangu huyo anasahau hata alikoweka miwani iliyo usoni, kwa hiyo kaamini mara moja. Kakuandikia pale pale chini ya video, mbele ya mashabiki wako wote, uje upige kodiani ukumbini. Na nimeona umemjibu "Inshallah, kwa heshima zote." Maashallah! Dada wa Muscat kapiga makofi.

Pazia litakuwepo, na Maryam atakuwa nyuma yake. Anasema mara hii atasikiliza vizuri.

Kodiani usijisumbue kubeba. Nitakutafutia.

Binamu yako akupendaye,
Mbarouk

*

Wete
17 Aprili 2024

Binamu,

Salaam. Idi njema iliyopita. Habari za nyumbani?

Umenifanyia nini, Mbarouk? Nilijibu "Inshallah" kwa adabu tu, kama mtu anavyojibu! Nilimwambia Mundhir kidole kimebanwa na mlango, kaniombea dua. Nikamwambia boti inanitapisha, kanikatia ndege. Sasa mashabiki wanauliza ukumbi uko wapi.

Nakuomba kwa damu yetu. Tafuta kodiani mbili. Mimi nikae mbele na ile yako iliyopasuka, isiyotoa sauti. Wewe kaa nyuma ya yale maspika makubwa, upige kweli. Wimbo mmoja tu. Kisha video naiondoa, naapa.

Nduguyo mwenye shida,
Yakoub

*

Chumbageni
18 Aprili 2024

Binamu,

Waaleikumu salaam. Wewe njoo tu. Kwa damu yetu nitakaa nyuma ya spika.

Binamu yako,
Mbarouk

*

Chumbageni
29 Aprili 2024

Binamu Yakoub,

Assalaam aleikum. Umefika salama? Uliondoka bila kuaga, hata pilau yako imebaki.

Maryam kaniamrisha nikuombe radhi, kwa hiyo nakuomba radhi. Kasema nimeiharibu harusi ya mtoto wa watu. Ni kweli niliacha kupiga katikati ya wimbo. Niliahidi kukaa nyuma ya spika, nikakaa. Ila ungeliacha na wewe, Yakoub! Umefumba macho, unavuta na kusukuma, kichwa kinayumba kwa utamu, na ukumbi kimya. Mzee mmoja kauliza, "Huyu amekufa ganzi?" Ndipo wanawake wakafunua pazia, wakakuona wewe unahangaika, na mimi kando yako, nyuma ya spika, nimeweka mikono magotini kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu.

Sasa sikia lililonimaliza. Nyumbani nikamwambia Maryam, "Umeamini?" Kasema alijua tangu siku ile ya chai. Eti miaka yote nikipiga mluzi wimbo ule bafuni, nikifika pa kupandisha sauti nachelewa, na ile mikono kwenye video imechelewa palepale. "Nilitaka tu kuona utafanya nini," kasema. "Nimeona."

Kwa hiyo hapakuwa na haja ya haya yote. Najisikia mjinga. Lakini sijuti, nikisema najuta nitakuwa mwongo kama wewe.

Binamu yako,
Mbarouk

*

Wete
2 Mei 2024

Mbarouk,

Salaam. Nimefika.

Ile video ya zamani nimeifuta. Sasa kuna mtu kaweka ile ya ukumbini, mimi nimefumba macho. Wajukuu wanaiigiza. Dada wa Muscat kalia tena, kwa kucheka. Najua ni simu yako, imepigwa kutoka nyuma ya spika, na kidole chako kinaonekana pembeni. Ifute, tafadhali.

Yakoub

*

Chumbageni
2 Mei 2024

Binamu,

Waaleikumu salaam. Mikono haina jina.

Siifuti. Wasalimie wajukuu, waambie wafumbe macho zaidi.

Binamu yako,
Mbarouk